Ndala za Bibi Bukeyeneza

Nianze na kosa, maana kosa ni langu na sitaki mtu mwingine alibebe. Mimi Leonia, mwalimu, mtoto wa Buzebazeba, Kigoma, nilipanga viatu mlangoni. Basi, ni hilo tu. Nimekaa Japani miaka minne nikifundisha Kiingereza katika sekondari ya mji mdogo kando ya ziwa Biwa, na siku hizi mkono wangu ukiona kiatu kimelala ubavu hauna raha mpaka ukisimamishe. Mama huwa anacheka, anasema nilikwenda kufundisha nikarudi nimefundishwa. Siku ile hakucheka.

Nilikuja likizo mwezi wa tatu, wiki tatu tu. Huko mwaka wa shule unaanza mwezi wa nne, na wakisema tarehe nane ujue ni tarehe nane, hakuna habari ya foleni wala msiba. Wiki ya kwanza nikaenda Mwamgongo, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, kumsalimia shangazi. Wakati wa kurudi wimbi likaingia kwenye boti, mkoba wangu ukalowa chepechepe. Kadi yangu ya ukaazi ya Japani, ile inayosema mimi ni mgeni, ni ya plastiki. Niliifuta kwa khanga ikang'aa. Pasi yangu, inayosema mimi ni Mtanzania, ikavimba, kurasa zikashikana, wino ukachuruzika. Nililia pale pale bandarini na sikujali nani ananitazama.

Sasa kupata pasi mpya kwetu huku mpakani si kujaza fomu na kungoja. Wanauliza. Babu yako nani, bibi yako nani, walizaliwa wapi, wamezikwa wapi. Siwalaumu, ni kazi yao. Lakini mtu wa Kigoma akiulizwa maswali hayo anaingiwa hofu hata kama hana la kuficha, kwa sababu hakuna nyumba huku isiyo na mtu aliyevuka kutoka Burundi. Kwetu aliyevuka ni Bibi.

Bibi Bukeyeneza, mama yake Mama, alivuka mwaka sabini na mbili akiwa msichana wa miaka kumi na saba, akatokea Kagunga, kijiji cha mpakani, na kitenge alichovaa tu. Babu Feliksi, Muha wa hapo hapo Kagunga, akamwoa kanisani. Wakazaa watoto wawili, Mama yangu Restituta na Mjomba Adolf. Miaka hamsini na zaidi Bibi amelima huku, amezika mume huku, amelea wajukuu huku, na hana karatasi hata moja. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na sisi hatukuwahi kumkumbusha mtu amuulize.

Jumatatu ya wiki ya pili tulijaza fomu ya pasi, na Mjomba Adolf ndiye aliyeshika kalamu. Mjomba ni mtu wa kujua kila kitu, hata akipotea njia anakuelekeza. Alipofika kwenye bibi mzaa mama akaandika Leonia Feliksi, jina alilolitoa hewani huku akinitazama mimi, akaandika kwamba alizaliwa Kagunga, na mbele yake akaandika marehemu. Nikamwambia Mjomba, Bibi yuko hapo nje anachambua maharage. Akaniambia nikitaka kurudi Japani ninyamaze. Akaeleza kwamba wakimjua Bibi, mimi pasi siipati, na Bibi mwenyewe wanaweza kumwambia arudi kwao, kwao ambako hana mtu hata mmoja anayemjua jina. Hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo. Nikatia sahihi.

Nataka mjue kwamba nilijua ninachokifanya. Mimi ni mtu ambaye huko ninakoishi niliwahi kurudishiwa mfuko wa taka mlangoni, na karatasi ya adabu juu yake, kwa sababu nilichanganya chupa na makopo. Nimezoea kujaza fomu kwa ukweli mpaka saizi ya kiatu. Lakini nilitia sahihi kwamba Bibi yangu amekufa, na jioni nikala ugali aliosonga yeye.

Ofisini wakaniambia afisa atakuja nyumbani Ijumaa asubuhi kuhakiki. Mjomba akapanga kwamba alfajiri Bibi apande boti aende Mwamgongo kwa shangazi, akae mpaka mambo yaishe. Bibi tulimwambia shangazi anaumwa. Ijumaa hiyo ziwa likachafuka. Mvua ilinyesha tangu saa tisa usiku, upepo ukawa mkali, na wenye boti wakakataa kuondoka. Saa mbili asubuhi Bibi akarudi kutoka mwaloni, kwenye boti, na matope mpaka magotini, akanawa, akavua ndala zake mlangoni, akaingia. Saa mbili na nusu mwenyekiti wa mtaa akapiga simu kwamba afisa yuko njiani.

Ikabidi Mama amwambie Bibi ukweli. Sikuwa chumbani, nilisikia tu sauti ya Mama ikienda chini chini, halafu mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa. Mama alipotoka hakunitazama. Alianza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Na mimi? Nikatafuta cha kufanya. Pale mlangoni viatu vilikuwa vimetapakaa kama kawaida ya kwetu, kimoja huku kingine kule. Nikainama nikavipanga. Viatu vya Mjomba, vya Mama, vyangu, na ndala za Bibi. Nikazisuuza matope kwanza, jamani, nikazisuuza! Nikavipanga mstari mmoja, vidole vikielekea nje, ili mwenye kutoka avivae bila kugeuka. Ndivyo wanavyofanya huko, na mimi sikuwaza lolote. Nikaingia ndani nikiwa nimetulia kidogo.

Afisa alikuwa anaitwa Hamdani, mtu wa Pangani, mrefu, mpole, suruali imenyooshwa vizuri. Alisalimia kila mtu kwa zamu yake, akavua viatu vyake vyeusi, akavitazama vyetu vilivyopangwa, akaweka vyake mwisho wa mstari, vikielekea nje kama vingine. Akasema, nyumba ya mwalimu inajulikana. Tukacheka wote. Ndipo nilipoangalia mlangoni nikaona jozi tano.

Tulikuwa watu wanne sebuleni.

Ndala za Bibi mtaa mzima unazijua. Ni za bluu, kubwa kuliko mguu wake, na mkanda wa kushoto umefungwa kwa waya wa shaba. Zilikuwa katikati ya mstari, safi, bado zina maji. Nilitaka kunyanyuka, lakini Hamdani alikwishakaa, na kiti alichopewa kilikuwa kinatazama mlango.

Ili mnielewe kwa nini nilichanganyikiwa hivyo, niwaambie jambo moja la huko. Mwezi wa tano kila mwaka mwalimu wa darasa anatembelea nyumba za wanafunzi wake wote. Anakaa dakika kumi, anaongea na mzazi, anakwenda nyumba nyingine. Mwaka wangu wa pili Mwalimu Morita, mama mmoja wa makamo ambaye meza yake ofisini imebanana na yangu, alinichukua nifuatane naye. Tukafika nyumbani kwa msichana anaitwa Mio. Baba yake akatukaribisha, akatutengea chai, akasema mama wa mtoto yuko kazini. Mio mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Tukamaliza, tukaaga, tukavaa viatu.

Ndani ya gari Morita akaniambia kwamba mama alikuwepo. Alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni muda wote. Nikamuuliza amejuaje. Akasema viatu vya kike vya kutokea vilikuwa pale vyote, hata vya kazini. Yule mama ni mtu wa Ufilipino, Kijapani chake kibovu, na familia inaona haya kumtoa mbele ya walimu. Mimi nikawaka. Nilikuwa mgeni pia, kila siku mbele ya ubao nakosea maneno na watoto wananirekebisha, wakati wa chakula wananipakulia supu huku wakinifundisha jina la kila kijiko, na sijafichwa jikoni! Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu. Morita akaendesha kidogo, kisha akanijibu.

"Ningeuliza, ningewalazimisha waseme uongo mara ya pili."

Tangu siku ile nikiingia nyumba ya mtu nahesabu viatu. Na Ijumaa ile nilimtazama Hamdani nikaona uso wa Morita. Nilijua amehesabu. Nilijua anasubiri tu.

Akafungua faili. Akaanza na mimi, kazi yangu, shule gani, mkataba mpaka lini. Nikajibu. Akataka kujua wanafunzi wa kule wana nidhamu kweli kama wanavyosema watu. Nikamwambia wanafagia shule wenyewe mpaka vyoo, na wana viatu vya nje na viatu vya ndani, kila mtu na kisanduku chake chenye namba. Neno viatu liliponitoka, macho yangu yakakimbilia mlangoni. Mama akaingilia kati kwa kumfungulia soda. Alikwishakunywa moja, Mama akamfungulia ya pili, na karanga juu yake. Mama akiwa na hofu anakirimu.

Kisha akahamia kwa wazazi. Baba yangu, marehemu, kaburi Ujiji, sawa. Babu Feliksi, Kagunga, sawa, ana ndugu wa kumshuhudia. Halafu akageuza ukurasa, akauliza bibi mzaa mama alifariki mwaka gani.

Hatukuwa tumepanga mwaka. Mjomba anayejua kila kitu hakulijua hilo. Akasema elfu mbili na kumi na moja, na Mama wakati huo huo akasema kumi na tatu. Hamdani akainua kalamu. Mjomba akasema, yaani aliugua kumi na moja, akafa kumi na tatu. Hamdani akauliza alizikwa wapi. Kagunga, pembeni ya mzee, akajibu Mjomba, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. Hamdani akaandika taratibu, akasema vizuri, kwa sababu wiki ijayo ana safari ya Kagunga, atapita ayaone makaburi yote mawili, ashuhudie amalize kazi.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimya kabisa, na kimya kile ndicho kilichokuwa kinaniua, kwa sababu Bibi ana kikohozi cha miaka. Alikuwa amekizuia muda wote ule. Mwanamke wa miaka sabini amekaa gizani juu ya kitanda, ameziba mdomo kwa khanga, anamsikiliza mwanawe wa kumzaa akieleza alivyomzika. Mimi nilikuwa nimemwita mama wa Mio mtu wa kuonewa. Loo, aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

Hamdani akafunga faili. Akanyanyuka, akaenda mlangoni. Nikajua ndiyo hivyo, sasa inakuja. Akasimama juu ya ule mstari, akainama kidogo, akanyoosha kidole.

"Samahani, hizi ndala za bluu ni za nani?"

Mjomba akafungua mdomo. Nilijua akiongea tutakuwa na uongo wa tatu, na wa nne, na wiki ijayo tutakuwa tunachimba kaburi Kagunga. Nikasimama kabla yake.

"Ni za Bibi. Hajafa. Yuko chumba cha nyuma, ametoka Burundi mwaka sabini na mbili, na fomu nimeitia sahihi mimi."

Yalitoka yote kwa pumzi moja. Mama akaketi chini sakafuni. Mjomba akaweka mikono kichwani. Hamdani aligeuka akanitazama, halafu akazitazama ndala, halafu akanitazama tena, na uso wake haukuwa wa mtu aliyemkamata mtu. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa mzigo asioujua.

"Mwalimu," akasema polepole, "mimi nilitaka kuziazima niende chooni. Nje kuna matope."

Jamani. Soda mbili za Mama! Kila nyumba Kigoma, mgeni akitaka kwenda uani anaazima ndala za mlangoni, na mwenye nyumba hata haangalii ni za nani. Nimezaliwa hapa, nimeazima ndala za watu maisha yangu yote. Miaka minne tu ya kuishi kwa watu imenifanya niyasahau hayo, nikamwona mtu wa Pangani nikadhani ni Morita. Kumbe hakuwa amehesabu chochote. Angerudi kutoka chooni, angeaga, angeondoka. Mama alianza kulia bila sauti, na nilitamani ardhi inimeze.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kwanza kikatoka kikohozi, kirefu, cha mtu aliyekizuia saa nzima. Kisha akatoka Bibi mwenyewe, miguu mitupu, khanga imelowa alipoing'ata. Hamdani akampa shikamoo mara moja, bila kufikiri. Bibi akaitikia marahaba, akampita, akaenda akasimama mbele ya Mjomba.

"Adolf, mwana wanje, mwanangu. Nimekufa lini?"

Mjomba alishindwa kumtazama. Mama ndiye aliyejibu kutoka sakafuni, akasema tangu Jumatatu, Mama, na ikawa kicheko kimemtoka pamoja na kilio. Bibi hakucheka. Akasema kwamba alipovuka ziwa lile alikuwa amewaacha nyuma watu waliokufa kweli, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa mahali popote, na hakujua kwamba watoto wake wangemwandika yeye kabla ya siku yake. Alisema kwa Kiswahili chake kile kile kilichochanganyika na Kirundi ambacho tulikuwa tunakiogopa wiki nzima. Kisha akaziokota ndala zake akampa Hamdani, akamwambia nenda baba, usizidiwe.

Hamdani alienda kweli. Aliporudi alinawa mikono, akakaa, akaeleza kwa utulivu kama anafundisha darasa. Babu Feliksi ni Mtanzania, kwa hiyo Mama ni Mtanzania, kwa hiyo mimi ni Mtanzania, na bibi wa Burundi hanipunguzii kitu. Tungeandika ukweli Jumatatu, leo asingekuwa na swali hata moja. Lakini tumeandika uongo, na uongo kwenye fomu ni kosa, na yeye ameshausikia, hawezi kujifanya hakuusikia. Fomu ile itaandikiwa maelezo, nyingine itajazwa upya, na tarehe nane hawezi kuniahidi. Akasema Bibi aje ofisini Jumatatu na watu wawili waliomjua tangu ndoa, waanze kufuatilia uhalali wake. Mama akamuuliza wakikataa je. Hamdani akasema ukweli kwamba hajui.

Siku mbili Mama hakusema nami. Alinitengea chakula, akakiweka, akaondoka. Mjomba alisema kwa kila aliyepita kwamba mwanamke aliyesoma sana anauza familia yake kwa ndala. Nilimpigia Morita nikamweleza yote, mpaka choo. Akaniambia atazungumza na mkuu wa shule, na kwamba viatu vyangu vya ndani bado viko kwenye kisanduku changu, hakuna aliyevigusa. Nikalia tena.

Nisiwazungushe. Pasi niliipata, lakini nilifika shuleni nimechelewa siku kumi na tisa, na darasa langu la mwaka wa kwanza walishampa mtu mwingine. Mwaka huu nazunguka madarasa ya watu nikisaidia, na mkataba ukiisha sijui. Lakini hilo silo ninalotaka kuwaambia. Ninataka kuwaambia ya Jumatatu.

Tulienda ofisini asubuhi na mapema, mimi, Mama, Bibi, na wazee wawili wa Kagunga waliolala hapa mjini, Mwanga, kwa ndugu yao. Mjomba alikataa kuja, halafu akatukuta getini, akachukua mkoba wa Bibi. Bibi alikuwa amevaa kitenge kipya na ndala zile zile. Alipofika kwenye mlango wa ofisi akazivua. Nikamwambia Bibi hapa watu wanaingia na viatu. Akanijibu kwamba yeye hajawahi kuingia kwa serikali, na ataingia kwa heshima.

Ndani kulikuwa na watu wengi kwenye mabenchi. Wote waligeuka kumtazama. Nikaona haya, kisha nikaona haya kwa kuona haya. Nikainama, mkono wangu ukafanya kile unachofanya siku hizi. Nikaziweka ndala sambamba pembeni ya kizingiti, vidole vikielekea nje, tayari kwa kutoka.

Bibi akanishika bega. Mama alikuwa nyuma yetu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa kunitazama usoni.

"Zigeuze," Bibi akasema. "Ziangalie ndani. Mimi leo sitoki humu mpaka waniandike kwamba nipo."

Nikazigeuza.